Bosi kabadili mawazo, fundi alie na nani?

Wiki hii safu yenu imepanda mpaka Karatu, kule kwenye udongo mwekundu na kibaridi cha kumlaza mtu na soksi. Nisiwafiche, sikwenda kuangalia faru. Nilikwenda kukaa gereji.

Kwa wasiopafahamu, Karatu ndio mji wa mwisho kabla ya geti la Lodoare, mlango wa Ngorongoro. Kule kreta gari lisilo na fo-wili halishuki. Ndio maana Land Cruiser inakatwa, inarefushwa, inapigwa viti na paa la kunyanyuka ili mgeni asimame ampige simba picha. Gari la namna hii ni kama suti ya kushonesha, linafuata vipimo vya mwenyewe. Na mwenyewe, jamani, hatulii!

Fundi bodi mmoja alinisimulia kasheshe lake. Bosi kaleta gari wakati wa masika, anataka viti saba, Juni wageni waanze kupanda. Fundi kachukua vyuma dukani kwa mali kauli, kakata, kachomelea. Bosi huyo, karudi: "Fundi, wageni wangu ni wapiga picha, wana lenzi kama bomba la maji. Toa viti vya nyuma, weka meza." Wiki ya pili anataka friji. Ya tatu, soketi za kuchajia kamera. Kila akija anasema ni kitu kidogo tu. Mwenye duka anadai chake, vibarua jioni wanataka ugali, na gari bado mifupa mitupu.

Tangu siku hiyo fundi kabadili utaratibu. Gari likifika hawashi mashine ya kuchomelea. Anachukua chaki, anachora gari zima sakafuni kwa ukubwa wake, anapanga ndoo mahali pa viti, halafu anamwambia bosi akae, anyooshe miguu, asimame kama anapiga picha. Hapo ndipo bosi anapogundua magoti hayaenei! Chaki inafutika kwa kiganja, chuma kinafutika kwa msumeno na pesa ya mtu. Viti navyo siku hizi hachomelei, anavifunga kwa nati, vikihamishwa ni kazi ya spana. Nyaya anazipitisha mapema chini ya sakafu, lakini soketi na vitambaa vya viti anaviacha mwisho kabisa, maana ndivyo bosi anavyovigeuza zaidi.

Ila kilichonimaliza mimi ni kaunta buku. Kila badiliko linaandikwa, pesa iliyoongezeka na siku zilizoongezeka, bosi anatia sahihi, na kazi inalipwa kwa hatua. Sisi Wabongo tuna aibu ya kuandikiana, eti ukimwandikia mshikaji humwamini. Fundi ana dawa yake: "Namwambia, bosi, kichwa changu kimejaa grisi, nisaidie kukumbuka." Anacheka. Anasema mawazo mapya yamepungua ghafla!

Sasa huyo ni bosi, utamsainisha. Serikali je? Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwisho wake ni Mei 31. Juni 1 rambo ikawa haramu. Fikiria anayefunga chakula cha mchana cha wageni, kile wanachokwenda kula Ngoitokitok kando ya viboko. Mgeni ni yule yule, kuku ni yule yule, lakini kifungashio kimebadilika kwa amri. Aliyejaza stoo rambo za mwaka mzima kwa kufuata bei ya jumla alibaki nazo. Aliyekuwa akinunua za wiki moja moja, tena akilaumiwa kwamba hajui biashara, alihamia kwenye karatasi bila kizaazaa.

Nilipomtajia fundi habari hiyo, alinionyesha kona anakoweka vyuma. Palikuwa na vya gari moja tu, lile lililokuwa limeegeshwa mbele yetu.