Usuluhishi Usiwe wa Kulazimishana

Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, Mabaraza ya Kata ya Tanzania Bara hayana tena uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi. Kazi iliyobaki ni kusuluhisha. Badiliko hilo litakosa maana iwapo wajumbe wataendelea kuketi kama mahakimu, na mjane anayedai shamba la marehemu mumewe akaambiwa mbele ya shemeji zake, "Kubali yaishe."

Suluhu ni jambo la hiari. Asiyeridhika anayo haki ya kuikataa, na baraza linapaswa kuthibitisha kwa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, ili aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, sheria inamruhusu kwenda huko hata bila hati hiyo. Mnyonge asiyejua hayo hukubali kwa hofu, kisha ikasemwa kwamba ameridhia.

Sheria inataka pia wajumbe watatu wa baraza wawe wanawake. Hao wasiwekwe kujaza viti tu, wasikilizwe.

Hapana budi basi watumishi wa kata wazieleze haki hizo waziwazi kabla ya kila shauri kuanza, na kila upande upewe nafasi sawa ya kusema. Walimu nao, ambao wananchi huwaendea kusomewa barua na kuandikiwa, wana wajibu uo huo. Mnyonge akinyamazishwa leo, mgogoro ule ule utawarudia wanawe kesho.