MENEJA APIMWE KWA MTAJI



Huko Marekani mabwana wa fedha hununua madeni ya makampuni 100 au 200 hata zaidi, wakayatia katika mfuko mmoja, kisha wakauza mafungu yake. Fungu la juu hulipwa kwanza kwa faida ndogo. La chini hungoja mwisho, na hasara ikija huanza nalo. Pensheni za wafanya kazi zimo humo.

Meneja wa mfuko hujisifu kwa gawio analotoa. Lakini gawio nono laweza kutoka katika madeni mabovu yenye riba kubwa, huku mtaji waliwa pole pole. Mwaka 2020, wakati wa Korona, mifuko mingi ilishindwa kipimo cha dhamana, na fungu la chini likakosa malipo. Ada ya kwanza ya meneja, lakini, hukatwa hata kabla fungu la juu halijapata riba. Nani kwetu hulipwa hivyo?

Wajumbe wa wafanya kazi katika kamati za pensheni na wamwulize: katika kila dola 100 ulizopewa, zimebaki ngapi? Wamlinganishe na mameneja walioanza mwaka ule ule, maana aliyenunua madeni yalipokuwa rahisi huonekana hodari bure.