BUSTANI YA NYUMBANI: Ua Lisilonyauka

Huko Endulen masika huijaza bustani maua, na tangu Juni kiangazi huyanyausha. Lakini lantana, kichaka chenye asili ya Amerika, hudumu na majani mabichi. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo hatari yake. Ndege hula matunda yake meusi na kuziangusha mbegu malishoni. Mvua za vuli huziotesha. Nyasi zikiadimika, ng'ombe mwenye njaa huila, nayo ni sumu: macho yake huwa ya manjano, ngozi hubabuka juani.

Basi, enyi wazazi na walimu, ing'oeni na mizizi yake kabla haijazaa, mkapande mishubiri ya nchi yenu. Pambo la mlangoni petu lisiwe msiba zizini mwa jirani.