Mgeni Ajaye kwa Maji

Katika mwalo wa Mwigobero hapa Musoma, na kule Kisorya wilayani Bunda kiondokapo kivuko kwenda Ukerewe, mtu aokolewaye majini haulizwi kwanza kabila lake wala hati zake. Huvikwa nguo kavu, akapewa uji wa moto, ndipo maswali yakafuata. Ada hiyo ya watu wa ziwa naitaka serikali iifanye kuwa siasa ya nchi kwa wakimbizi waingiao kwa mashua.

Yaliyotukia Kagunga, mkoani Kigoma, Mei 2015, hayajanitoka moyoni. Warundi waliokimbia ghasia za nchi yao walijaa katika kijiji kile kilichobanwa baina ya milima na Ziwa Tanganyika, makumi ya maelfu wakilala ufukweni, wakinywa maji yale yale waliyoogea, hata kipindupindu kikawaingia kikawaua. Na Liemba, meli iliyoundwa mwaka 1913, ikawa inawachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma mjini ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Mabaharia na matabibu walifanya hisani kubwa, lakini hisani ya dharura si tadbiri: maji safi, vyoo, tabibu na karani wa kuandikisha majina hupasa kutangulia mashua, si kufuata maziko.

Wako wasemao mashua zirudishwe zilikotoka. Siafiki abadani, maana Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969, ambao tumeuridhia, unakataza kumrudisha mtu hatarini. Sheria yetu ya wakimbizi ya 1998 humpokea mkimbizi, kisha humweka kambini asitoke ila kwa kibali. Na mkulima hodari akigeuzwa mwenye kungoja mgao mwaka baada ya mwaka, yeye amedhulumiwa nasi tumepoteza mavuno yake.

Njia bora tuliifuata zamani. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyetunukiwa nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ajili ya wakimbizi, aliwapa Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakajilisha, wakauza ziada. Na baadaye serikali ikawapa uraia watu wapatao 162,000. Wanaolalamika kwamba misitu ya Ngara iliangamia walipoingia Wanyarwanda mwaka 1994 wanasema kweli, na mataifa tajiri yana deni kwetu kwa mzigo huo; ila msitu huteketea upesi zaidi pale watu wengi waliporundikwa pamoja bila shamba. Basi Bunge lirekebishe sheria ile ya 1998, mkimbizi aandikishwe ufukweni, apewe ardhi na ruhusa ya kufanya kazi, na wilaya za mwambao wa Ziwa Tanganyika zitengewe fedha za mapokezi katika bajeti ijayo, wakati ziwa lingali shwari.