Tangi Lililofukiwa na Kisima cha Jirani

Juma hili twataka kusema juu ya adui aingiaye katika ndoo ya maji bila kubisha hodi.

Hapa Lubumbashi, kuanzia Katuba na Kenya hata Ruashi na Kampemba, jamaa nyingi huchota maji katika kisima cha uani, maana mabomba ya Regideso hayafiki kila nyumba. Katika mitaa iyo hiyo vimo vituo vya kuuzia mazutu na petroli, ambayo sisi huiita esansi. Mafuta hayo hutunzwa katika matangi ya chuma yaliyozikwa ardhini. Kituo kikifungwa, pampu huondolewa na watu husahau. Lakini tangi laweza kubaki huko chini.

Chuma kikikaa katika udongo wenye unyevu huliwa na kutu. Tundu dogo latosha. Mafuta hushuka polepole mpaka yafike penye maji, na kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, huelea juu yake. Hata hivyo sehemu yake huyeyuka na kusafiri pamoja na maji. Kitu kimoja kiyeyukacho hivyo ni benzeni, ambayo huweza kuleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: katika lita moja ya maji ya kunywa, benzeni isizidi mikrogramu 10. Kiasi hicho ni kidogo mno, pua ya mtu haiwezi kukitambua. Tena, petroli ya zamani, kabla ya mwaka 2006, mara nyingi ilitiwa madini ya risasi. Basi tangi la kale lina hatari mbili.

Je, haya ni maneno ya kutishia watoto? La. Tuwatazame ndugu zetu wa Thange, katika Makueni, nchini Kenya. Mwezi wa Mei 2015 bomba la mafuta litokalo Mombasa kwenda Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, lilionekana kuwa linavuja chini ya ardhi. Mafuta yaliingia mtoni, visimani na mashambani. Mwaka 2025 mahakama iliamuru wenyeji walipwe fidia ya shilingi za Kenya zipatazo bilioni 3.8. Fedha hizo ni nyingi, lakini hukumu ilikuja baada ya miaka kumi.

Wachunguzi hufanyaje kazi yao? Kwanza huwauliza wazee na kutazama ramani za kale, wapate kujua tangi lilizikwa wapi. Pili huchimba mashimo membamba pande zote, wakipima udongo wa kila kina. Tatu hupima kimo cha maji katika mashimo matatu au zaidi, ndipo wajue maji yanaelekea wapi. Visima vya upande huo hupimwa kwanza. Mwisho hupeleka chupa za maji maabarani, wakati wa kiangazi na tena wakati wa masika, kwani mvua zetu za Novemba hata Aprili huinua maji ya ardhini mpaka yaguse udongo uliolowa mafuta.

Ninyi wazazi, kabla ya kununua kiwanja au kuchimba kisima, ulizeni pale palikuwa na nini zamani. Maji yakinuka esansi, au yakiwa na utando wenye rangi za upinde wa mvua, msinywe wala msipikie. Msitumainie kuyachemsha: moto huua vijidudu, lakini mvuke wa petroli hudhuru mapafu na huweza kuwaka. Msiteremshe taa ya moto kisimani. Mpasheni habari mkuu wa mtaa na ofisi ya mazingira, mkadai maji yapimwe. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 imeweka kanuni kwamba achafuaye ndiye alipaye.

Nanyi wenye vituo, msifukie tangi bovu na kuondoka. Tangi la zamani litolewe mafuta, liondolewe, na udongo wake upimwe. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Lakini hapa maradhi yafichwa na mmoja, na afaye ni mtoto wa jirani.