Acheni kusema “sistemu imekataa”



Leo tunasema juu ya faili. Msicheke. Hapa Mpondwe mtu anavuka mto Lhubiriha na mtoto mgongoni, hana kitu isipokuwa jina lake. Jina likiingia kwenye orodha, anapata chakula, anapata nafasi kwenye basi ya kwenda kambini. Jina likipotea, anaambiwa: “Mama, sistemu imekataa, rudi kesho.” Sisi tunasema sistemu haikukataa kitu. Watu wawili waliandika kwenye faili moja kwa wakati mmoja, basi.

Tuliona hivi kwenye ofisi moja ambayo hatutaitaja. Orodha moja, kompyuta mbili. Ile ya mezani ilikuwa ya Linux, na folda ya pamoja ilikaa ndani yake. Ya pili ilikuwa laptopu ya Windows. Asubuhi wa Linux alifungua orodha. Wa Windows naye akafungua, akaandika majina ya waliovuka, akasevu, akafunga. Saa kumi jioni wa Linux akasevu orodha yake ya asubuhi juu ya ile. Majina yote ya siku ile kwisha! Hakuna kengele iliyolia. Kesho yake wamama wamesimama kwenye jua, wanaambiwa eti jana hawakuja.

Kwa nini kengele haikulia? Kwa sababu mifumo hii haina tabia moja. Windows ni kama askari wa geti. Programu ikifungua faili inamwambia kama wengine waruhusiwe kusoma ama kuandika, na asiyeruhusiwa anarudishwa na kosa namba 32: faili inatumiwa na programu nyingine. Linux na macOS haziko hivyo. Huko kufuli ni makubaliano tu. Programu zote zikiuliza kufuli kwanza, linafanya kazi. Moja isipouliza, inapita na kuandika.

Wajuzi wanatuambia: “Si muangalie kwanza kama faili inatumika?” Kuangalia tunajua. Kwenye Linux na macOS unaandika lsof na jina la faili, inakuonyesha programu iliyoishika. Kwenye Windows unafungua Resource Monitor, unatafuta jina la faili pale. Vijana, jifunzeni hizo, ni za bure. Lakini msidanganywe kwamba zinatosha. Sababu ni tatu.

Kwanza, programu nyingi ndogo za kuandikia zinasoma faili yote, zinaiweka kwenye memori, halafu zinaiachia. Mtu bado anaandika, lakini lsof haioni kitu. Pale ofisini ilikuwa hivyo.

Pili, lsof inaona programu za kompyuta yake tu, haioni za laptopu ya jirani. Na nakala iliyo kwenye flashi, mfukoni mwa mtu aliyepanda taksi kwenda Kasese, hakuna mfumo utakaoiona.

Tatu, jibu linazeeka haraka. Unauliza, unaambiwa haitumiki, na sekunde hiyo hiyo mwingine anaifungua. Ndiyo maana anayetengeneza programu asiulize tu. Ajaribu kushika kufuli moja kwa moja: akilipata aandike, akilikosa angoje.

Kuna pia alama. LibreOffice ikifungua orodha inaweka faili ndogo iliyofichwa, jina lake linaanza na .~lock, na ndani kuna jina la mtumiaji, kompyuta yake na saa. Excel inaweka yake inayoanza na ~$. Alama hizi zinasaidia, ila umeme ukikatika zinaweza kubaki zinasema mtu anaandika wakati kompyuta imezimika. Kabla ya kufuta alama, inuka, muulize mwenye jina.

Mtasema tunapigia kelele kitu kidogo. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Congo ikaingia Kasese. Mtoto wa miaka 5 alipokelewa hospitali ya Kagando, akapelekwa kwenye kituo cha Ebola cha Bwera. Waliomkaribia mgonjwa wa Ebola wanaandikwa na kufuatwa siku 21. Kwenye orodha ya namna hiyo, mstari mmoja ukifutika ni mtu mzima anayetembea sokoni bila kufuatwa. Je, hicho ni kitu kidogo?

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji pesa ya mfadhili.

1. Faili moja, mwandishi mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kama meza ni mbili, kila meza iandike faili yake ya siku, na jioni mtu mmoja aziunganishe.

2. Kila asubuhi, kabla ya kazi, orodha inakiliwa na kupewa tarehe ya siku. Ya jana haiguswi.

3. Orodha isitembee kwenye flashi. Ni siri ya watu, na nakala mbili ni orodha mbili.

4. Jina likikosekana, mwenye jina aandikwe siku ile ile, ale kwanza. Kutafuta kosa ni kazi ya ofisi, si kazi ya mama aliyelala njiani.

Na nyinyi wa mashirika, tunawaheshimu, lakini hapa tunasema wazi. Mnatuita kubeba mabenchi na kutafsiri Lhukonzo na Kiswahili. Mnapopanga kompyuta, mnatufungia mlango. Kati yetu kuna waliomaliza sekondari, wanajua Windows, wanajua Linux, na wanajua sura za watu waliopotea kwenye orodha. Tuwekeni kwenye meza ile.

Nyinyi vijana, siku mtakapoambiwa “sistemu imekataa,” msiondoke kimya. Ulizeni kwa heshima: faili hiyo ilifunguliwa na nani, kwenye kompyuta gani, na nakala ya jana iko wapi? Mwenye kujibu maswali hayo matatu atalipata jina. Asiyeweza, asisingizie mashine.