Saruji ya Nyonga na Neno la Mpasuaji

Mtu aliyezoea kuona saruji ikipigwa ukutani haachi kuingiwa na wahaka aambiwapo kwamba mamake, aliyeteleza uani akavunjika nyonga, atatiwa saruji ndani ya mfupa wa paja. Na wahaka huo si wa kuchekwa, maana hatari ipo, japo aghalabu haipo pale anapoidhania.

Saruji hii, aliyoanza kuitumia nyongani John Charnley wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, ni unga na majimaji yenye harufu kali, ambayo yakikorogwa huwa laini kama ugali mbichi, kisha kwa muda wa kama dakika kumi hufanya joto na kuwa jiwe. Zamani matabibu walishuku kuwa sumu ya majimaji yale ndiyo inayouangusha moyo wa mgonjwa. Siku hizi lawama kubwa huangukia shinikizo: ashindiliaye nguzo katika shimo lililojaa tope hulifanya tope litafute pa kutokea, na ndivyo mafuta na uboho wa mfupa, visukumwapo na saruji na chuma cha nyonga bandia, vinavyopenya mishipani vikafika mapafuni, presha ikaporomoka, na mkongwe mwenye moyo dhaifu akaweza kufia mezani.

Hadhari zake zajulikana: kuuosha mfupa kwa maji ya nguvu hata mafuta yatoke, kuukausha, kuacha mpira wa kunyonya ndani, na kuijaza saruji kwa bomba kutoka chini kuja juu pasipo pupa. Wako wasemao afadhali saruji iachwe kabisa. Siafikiani nao, kwani utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wazee waliotiwa saruji waliishi kwa nafuu zaidi, na mifupa yao ilivunjika tena kwa nadra kuliko ya wenzao wasiotiwa.

Mimi nashikilia hadhari isiyogharimu hata senti, nayo ni kauli. Mwongozo waliotoa mwaka 2015 madaktari wa usingizi wa Uingereza na Ireland, pamoja na wenzao wa mifupa na wa wazee, wamtaka mpasuaji amwarifu mwenzake wa usingizi kabla ya kutia saruji, naye ajibu kuwa amesikia, na aiangalie presha kwa makini. Ningependa neno hilo litamkwe hata kabla pakiti ya unga haijafunguliwa. Kwani daktari wa usingizi akijibu, “Ngoja kidogo, presha iko chini,” mpasuaji aweza kungoja, na muuguzi aweza kungoja, lakini saruji iliyokwisha kukorogwa haingoji.